Mtoto Hakulia Alipozaliwa: Jinsi ya Kufuatilia Ubongo Wake Ukiwa Garsen na Tana River

Akina mama na akina baba wa Garsen, Ngao, Tarasaa na Kipini mmekuwa mkiniuliza swali moja kwa maneno tofauti. Mmoja husema mtoto wake alichoka. Mwingine husema alikunywa maji machafu. Mwingine aliambiwa tu kwamba mtoto alikosa hewa, kisha zamu ikabadilika na hakuna aliyerudi kumweleza zaidi. Swali lenyewe ni lile lile: nitajuaje kama ubongo wa mwanangu umeumia, na hapa kwetu hakuna mashine ya kuupima?

Unaweza kujua mengi, ilimradi usiangalie mara moja ukaridhika. Mkulima wa Wema au Hewani hautazami Mto Tana siku moja akakata shauri kwamba utafurika. Huchomeka kijiti ukingoni, akarudi asubuhi na jioni kuona maji yamefika wapi. Ubongo wa mtoto mchanga nao hujulikana hali yake kwa mwenendo: leo ukilinganishwa na jana, usiku ukilinganishwa na asubuhi. Mashine husaidia sana. Lakini kazi huanza na jicho linalorudi kuangalia na mkono unaoandika saa.

Makala haya hayachukui nafasi ya daktari. Yanakuandaa uwe mzazi ambaye daktari atapata kwake habari za maana.

Siku tatu za kwanza ndizo za kukesha

Jeraha la ubongo linalotokana na kukosa hewa haliji lote kwa mpigo. Lina mwendo wake, na kutoujua ndiko kunakowafanya wazazi wengi waondoke hospitalini mapema.

- Saa 6 za mwanzo. Mtoto akishasaidiwa kupumua anaweza kuonekana amepata nafuu. Rangi inarudi, analia kidogo, familia inashusha pumzi.
- Saa 6 hadi saa 72. Hapa ndipo hali inaweza kugeuka. Seli za ubongo zilizodhoofika kwa kukosa oksijeni huanza kushindwa, ubongo huweza kuvimba, na degedege, kama litakuwapo, kwa kawaida huanza ndani ya siku ya kwanza.
- Siku ya 4 hadi ya 7. Mtoto anayepona huonyesha: anaamka, ananyonya, mwili unarudi kuwa na nguvu. Asiyebadilika kufika siku ya 7 anahitaji ufuatiliaji wa karibu zaidi.

Kwa hiyo mtoto aliyechelewa kulia, au aliyesaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa, asitolewe hospitalini siku ile ile kwa sababu tu amelia. Ukiambiwa nenda nyumbani, uliza kwa upole: "Nani atamwangalia usiku wa leo na kesho?"

Maswali matano kabla ya kutoka chumba cha kujifungulia

Majibu haya yatahitajiwa na kila daktari utakayekutana naye kwa miaka miwili ijayo. Omba yaandikwe kwenye Kijitabu cha Mama na Mtoto.

1. Alianza kupumua mwenyewe baada ya dakika ngapi?
2. Alama zake za Apgar zilikuwa ngapi dakika ya 1, ya 5 na ya 10? Alama hizi, zilizobuniwa na daktari Mmarekani Virginia Apgar mwaka 1952, hupima mapigo ya moyo, kupumua, rangi, nguvu za mwili na jinsi mtoto anavyoitikia akiguswa. Jumla ni 10.
3. Alisaidiwa kupumua? Kwa muda gani?
4. Maji ya uzazi yalikuwa masafi au yalikuwa na kinyesi cha mtoto?
5. Uchungu ulichukua muda gani, na mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwaje kabla ya kuzaliwa?

Alama ndogo ya dakika ya 1 pekee isikuvunje moyo. Watoto wengi huanza hivyo na kuamka vizuri. Inayotutia wasiwasi ni alama inayobaki chini dakika ya 5 na ya 10.

Najua wengine mnaogopa muuguzi atadhani mnamshtaki. Anza hivi: "Dada, nataka kumfuatilia mtoto vizuri nyumbani, nisaidie niandikiwe." Ombi la namna hiyo halimlaumu mtu, na muuguzi mwema hulipokea.

Alama tisa zisizohitaji umeme

Mwaka 1997 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha orodha ya kupima hali ya ubongo wa watoto waliokosa hewa, kwa kuwa hospitali nyingi hazikuwa na mashine. Inaitwa alama za Thompson. Hupimwa kila siku, na jumla ya juu kabisa ni 22. Kadiri namba inavyopanda ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Ikishuka kila siku na kufika sifuri mwishoni mwa wiki ya kwanza, hiyo ni dalili njema sana.

Kutoa alama ni kazi ya muuguzi, tabibu au daktari. Wewe jua wanaangalia nini:

1. Nguvu za mwili. Amelegea kama kitambaa, amekakamaa, au yuko sawa?
2. Fahamu. Anaamka mwenyewe? Anaamka akiguswa tu? Haamki kabisa? Au anakodoa macho bila kutulia?
3. Degedege. Halipo, hutokea mara chache, au linajirudia?
4. Mkao. Ngumi zimekunjwa muda wote? Miguu inapiga kama ya anayeendesha baiskeli?
5. Kushtuka. Kichwa kikiachiliwa kidogo, mikono inafunguka na kurudi?
6. Kushika. Ukiweka kidole kiganjani, anakishika?
7. Kunyonya. Ananyonya kwa nguvu, kidogo, au anauma tu?
8. Kupumua. Sawasawa, kwa kasi, au anasita na kuacha?
9. Utosi. Uko bapa, umejaa, au umevimba na kukaza?

Unapoingia wodi ya watoto wachanga asubuhi, uliza: "Alama za Thompson za leo ni ngapi, na jana zilikuwa ngapi?" Kama wodi haizitumii, waombe wakueleze mambo hayo tisa moja baada ya jingine. Andika tarehe na saa.

Degedege la mtoto mchanga halifanani na la mtoto mkubwa

Kosa ninalolisikia zaidi ni hili: mama anangoja kuona mwili mzima ukitikisika. Mtoto mchanga mara nyingi hafanyi hivyo. Mtazame kwa karibu. Macho yanavutwa upande mmoja na kubaki huko. Midomo inatafuna au kunyonya na hakuna ziwa. Ulimi unatoka na kuingia. Mkono mmoja unaruka kwa mpigo, polepole, kisha unatulia, kisha unaanza tena. Anaacha kupumua kwa muda na midomo inabadilika rangi. Baadaye analegea na kulala kama aliyefanya kazi ngumu.

Kuna mtetemeko wa kawaida pia. Ili kuutofautisha:

- Shika kwa upole mkono au mguu unaotetemeka na uukunje kidogo.
- Ukitulia mkononi mwako, huenda ni mtetemeko tu.
- Ukiendelea kuruka ukiwa umeushika, au macho nayo yamevutwa upande, lichukulie kuwa ni degedege.

Kwa vyovyote vile, mwite muuguzi. Hata mtetemeko wa kawaida unaweza kuwa dalili ya sukari iliyoshuka, na sukari hupimwa kwa tone moja la damu ya kisigino.

Degedege likitokea:

1. Tazama saa.
2. Mlaze kiubavu. Usimtie chochote kinywani, si maji, si dawa, si kidole.
3. Mtume mtu amwite muuguzi.
4. Mwingine achukue video kwa simu, uso na mwili wote vionekane.
5. Andika lilianza saa ngapi, lilichukua muda gani na lilianzia wapi.

Video ya nusu dakika humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Mashine inaona nini ambacho jicho halioni?

Ubongo hutoa umeme mdogo sana. Mashine ya EEG huusikiliza kwa nyaya nyembamba zinazobandikwa kichwani. Haiingizi umeme mwilini na haimuumizi mtoto. EEG kamili inahitaji mtaalamu wa kuisoma. Ipo nyingine, aEEG, inayokusanya saa nyingi za mawimbi na kuyachora kama utepe kwenye skrini kando ya kitanda. Muuguzi au daktari aliyefunzwa anaweza kuusoma pale pale.

Mtoto wako akiwekwa kwenye mashine hiyo, uliza mambo matatu:

- Utepe umekaa wapi? Kwa mtoto aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi, ukingo wa chini ukiwa juu ya mikrovolti 5 na wa juu ukizidi 10, mawimbi ni ya kawaida. Utepe ulioshuka na kuwa bapa ni habari nzito.
- Mzunguko wa kulala na kuamka umerudi? Utepe hupanuka na kubana mtoto anapolala na kuamka. Mzunguko huo ukirudi ndani ya siku moja na nusu ya kwanza, kuna matumaini makubwa.
- Kuna degedege la kimyakimya? Hili ndilo kubwa. Ubongo unaweza kuwa na degedege huku mwili umetulia tuli. Tena dawa ya degedege, fenobarbitali, inaweza kutuliza viungo na mawimbi mabaya yakaendelea ndani. Bila mashine hatuwezi kuyaona.

Kumbuka pia kwamba fenobarbitali humlaza mtoto. Ukimkuta amelegea zaidi asubuhi, uliza alipewa dawa saa ngapi kabla hujakata tamaa.

Picha ya ubongo kupitia utosi, kwa mashine ile ile ya kuwapima wajawazito, huonyesha damu iliyovuja au uvimbe. Haionyeshi jinsi ubongo unavyofanya kazi. Picha ikiwa safi siku ya kwanza, usiache kufuatilia.

Tumpeleke wapi?

Kaunti yetu ina hospitali ya Hola upande wa juu na ya Ngao huku kwenye delta. Ukitoka Garsen kwenda kusini, Malindi iko zaidi ya kilomita 100, Kilifi ni kama kilomita 60 mbele yake, na Mombasa kama 60 nyingine. Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamefanya utafiti tangu 1989, ina historia ndefu ya kufuatilia ubongo wa watoto; huko ndiko kilikotengenezwa kipimo cha ukuaji kinachobeba jina la Kilifi. Mombasa kuna hospitali kuu ya rufaa ya Pwani.

Lakini nawasihi, msikimbilie mashine mkaacha mtoto afe njiani. Kabla ya safari mtoto lazima awe:

- anapumua, au anasaidiwa na mtu aliyefunzwa;
- ana joto la kati ya nyuzi 36.5 na 37.5;
- amepimwa sukari na kutibiwa ikiwa imeshuka;
- amepewa dawa kama ana degedege;
- ana barua ya rufaa yenye saa ya kila jambo.

Omba hospitali ipige simu mbele kabla ya kuondoka: wana nafasi? Wana oksijeni? Wana aEEG au EEG? Uliza pia hali ya barabara. Mnakumbuka mwishoni mwa 2023 maji yalivyoikata barabara ya Lamu karibu na Gamba. Wajawazito wa Ozi, Kau na Chara wanaovuka kwa mtumbwi wasingoje uchungu. Msimu wa mvua ukikaribia, sogeeni kwa jamaa aliye karibu na hospitali wiki mbili tatu kabla ya siku.

Njiani mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, pua na mdomo wazi, mtu mmoja akitazama kifua chake muda wote. Kama anahitaji msaada wa kupumua, bodaboda si usafiri wake. Sisitiza gari la wagonjwa lenye muuguzi.

Makosa ya kuepuka

- Kummwagia maji baridi, kumpiga makofi au kumning'iniza kichwa chini ili alie. Hupoteza dakika na humshusha joto. Mtoto asiyelia hukaushwa, husuguliwa mgongo, na asipopumua ndani ya dakika moja husaidiwa kwa mfuko na barakoa.
- Kumpoza kwa sababu mlisikia Ulaya wanapoza. Huko mtoto hushushwa hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, kwa mashine maalumu na uangalizi wa kila dakika. Utafiti uliochapishwa 2021 kutoka India, Sri Lanka na Bangladesh ulihusisha watoto 408: waliopozwa walifariki 42 kwa mia, na wasiopozwa 31 kwa mia. Kwetu, mpeni joto la kawaida, si baridi na si moto kupita kiasi.
- Kumlisha kwa mdomo akiwa hajaamka vizuri. Maziwa huingia mapafuni. Kama hanyonyi, kamua maziwa yako apewe kwa mpira mwembamba unaopitia puani, kwa kipimo watakachosema wauguzi.
- Kumpa maji, asali, dawa ya gesi au mitishamba.
- Kudhani kila ulegevu ni kukosa hewa. Maambukizi, sukari kushuka na manjano kali huleta dalili zile zile na zina tiba. Uliza kama vimepimwa.
- Kumnyima mama habari. Baba na mama mkwe, msipokee maelezo peke yenu mkamficha. Yeye ndiye atakayemtazama mtoto usiku na mchana.

Mkisharudi nyumbani

Kutoka hospitalini hakumalizi ufuatiliaji. Andika haya kwenye kijitabu na uyaangalie kwa wakati wake:

- Kila mwezi: kichwa kipimwe kwa utepe kliniki. Katika miezi 3 ya kwanza hukua kama sentimita 2 kwa mwezi. Kichwa kisichokua ni ishara kwamba ubongo haukui. Kinachokua kupita kiasi nacho kichunguzwe.
- Wiki 6 hadi 8: anakutazama machoni na kukutabasamia. Anashtuka mlango ukigongwa. Ukosefu wa hewa unaweza kudhuru usikivu, kwa hiyo omba masikio yapimwe.
- Miezi 3 hadi 4: mlaze chali akiwa macho na ametulia, nguo chache, umchukue video ya dakika 3. Mtoto mzima katika umri huu huwa na misogeo midogo laini isiyokoma, shingoni, mikononi na miguuni. Isipokuwapo, mwonyeshe daktari video mapema. Ni mojawapo ya dalili za awali za mtindio wa ubongo.
- Baada ya miezi 3: viganja viwe vinafunguka. Ngumi zenye kidole gumba kilichofichwa ndani muda wote si za kawaida.
- Miezi 4: shingo imekaza.
- Miezi 9: anakaa bila kushikwa.
- Kabla ya mwaka 1: asichague mkono mmoja tu. Akitumia wa kulia peke yake, huenda wa kushoto una udhaifu.

Ukiona dosari, usingoje "atakua tu". Mazoezi ya tiba ya viungo huwa na faida kubwa zaidi yakianza mapema, wakati ubongo bado unajifunza njia mpya.

Mnayonijibu kila mara

*"Hizo ni nyuni, hospitali haiziwezi."* Siwezi kuwadharau wazee wetu walioliita degedege nyuni; walikuwa wakiona jambo la kweli na kulipa jina. Dua zisomwe, hakuna daktari atakayezikataza. Ila mtoto asomewe akiwa kitandani hospitalini, kwa sababu kila degedege lisilotibiwa linaongeza hatari kwa ubongo uliokwisha kuumia.

*"Sisi ni wafugaji, tunahama."* Kijitabu kihame nanyi, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Chagueni zahanati mbili, moja ya kiangazi na moja ya masika, mpimwe huko. Mhudumu wa afya ya nyanjani wa kila upande awe na namba yenu. Na kama mama anazungumza Kiorma kuliko Kiswahili, mwombeni mkalimani wodini. Habari za ubongo wa mtoto zisipite nusu nusu.

*"Hatuna pesa."* Jisajilini kwenye bima ya afya ya SHA sasa kwa *147#, mimba ikiwa bado changa. Kuangalia, kuandika na kupiga video hakugharimu chochote.

*"Daktari amesema hajui atakuwaje."* Amesema kweli, na ni vizuri amesema. Siku ya kwanza hakuna anayejua. Waliopata jeraha dogo wengi hukua vizuri. Wa jeraha la kati hutofautiana sana. Wa jeraha kali wengi hubaki na ulemavu au hufariki. Muulizeni: "Tuangalie nini ili tujue zaidi, na turudi lini?" Akikupa siku na dalili, amekupa jibu.

Anza leo

Kama mtoto wako yuko wodini sasa hivi, chukua daftari na uchore safu nne: saa, alivyoamka, alivyonyonya, degedege. Jaza kila zamu inapoanza. Kama yuko nyumbani na bado hajafika mwaka, pitia orodha ya miezi hapo juu usiku huu, na ukikuta jambo moja halipo, kesho asubuhi muwe kliniki na kijitabu mkononi. Na kama mimba bado iko tumboni, panga leo utajifungulia wapi na nani atalipa gari. Tana River hatujapata mashine za kutosha, na tuna haki ya kuziomba kwa serikali ya kaunti kila bajeti inapojadiliwa. Hadi zifike, mtoto asikose mtu wa kumfuatilia.